Wimbo Ukivuliwa Sura: Kwa Nini Seiko Matsuda Bado Anasikilizwa

Mwaka 1983 televisheni za Japani zilirusha tangazo la bia ya kopo ya Suntory. Hakuonekana mtu ndani yake. Walikuwamo pengwini wa katuni tu, mmoja akiimba wimbo wa polepole wenye ladha ya jazi, tena kwa Kiingereza, na mwanzoni jina la mwimbaji halikuandikwa popote. Watazamaji wakaulizana sauti ile ni ya nani. Jibu lilipotoka wengi walishangaa: alikuwa Seiko Matsuda, nyota wa muziki wa pop, binti yuleyule ambaye kwa miaka mitatu walikuwa wakimsema kwamba anadeka na kujifanya mtoto mbele ya kamera. Wimbo huo, "Sweet Memories", ulikuwa umewekwa upande wa pili wa santuri ya "Glass no Ringo". Baada ya tangazo ulipandishwa, ukawa na hadhi sawa na wa upande wa kwanza, na santuri ikarudi kileleni mwa chati.

Kila nikisikia mabishano kuhusu nyimbo za Seiko hukumbuka pengwini wale. Swali huwa ni lile lile: kinachodumu ni wimbo, au ni sura ya binti, nywele zake, na ujana wa watu waliokua naye? Mimi nasimama upande wa wimbo. Hata hivyo, wanaosema vinginevyo wana hoja nzito, na nitaanza nao.

Seiko alizaliwa Kurume, mkoa wa Fukuoka, mwaka 1962, na santuri yake ya kwanza ilitoka tarehe 1 Aprili 1980. Aliingia katika kazi ambayo Wajapani huiita aidoru: kijana anachaguliwa na wakala, anafundishwa, anavalishwa, kisha anapelekwa kwenye televisheni karibu kila siku ili watu wampende yeye kwanza na wimbo baadaye. Wimbo wa kwanza ulitumika katika tangazo la sabuni ya uso ya Shiseido, wa pili, "Aoi Sangosho", katika tangazo la aiskrimu ya Glico. Kwa hiyo kabla mtu hajaamua kama anaupenda wimbo, alikuwa ameshausikia mara mia akisubiri tamthilia iendelee. Wasichana nchi nzima walikata nywele kwa mtindo wake. Kuanzia Oktoba 1980 hadi mwaka 1988 santuri zake 24 mfululizo ziliingia namba moja katika Oricon, chati ya mauzo ya muziki ya Japani, na anayesema kwamba hakuna mtunzi duniani awezaye kupatia mara 24 bila kukosea, kwamba pale ilikuwa ni mashine inayofanya kazi, hasemi uongo.

Mashine hiyo ilikuwa na gharama yake. Mwaka 1981 peke yake Seiko alitoa singo nne na albamu mbili, juu ya vipindi vya televisheni, matangazo na matamasha. Koo likachoka. Ukisikiliza "Aoi Sangosho" ya 1980 unasikia sauti iliyonyooka, inayorushwa kwa nguvu tangu neno la kwanza, kama mtu anayeita kutoka ufukweni kwenda kwenye mashua. Mwaka mmoja na nusu baadaye sauti hiyo haipo. Ipo nyingine, laini, yenye pumzi nyingi, inayoanza chini ya noti kidogo kisha kupanda. Mashabiki wanaipenda, nami pia naipenda, lakini sipendi kusahau kwamba sehemu ya utamu huo ilitokana na binti wa miaka 19 aliyefanyishwa kazi kupita kiasi.

Sasa upande wa pili, ambao ndio unaonivuta.

Waliomwandikia Seiko hawakuwa mafundi wa matangazo. Tangu "Shiroi Parasol" ya 1981 mashairi yake mengi yaliandikwa na Takashi Matsumoto, aliyekuwa mpiga ngoma wa bendi ya Happy End. Bendi hiyo ilivunjika mwaka 1972 bila kupata umaarufu mkubwa, lakini ndiyo iliyothubutu kuimba roki kwa Kijapani wakati wenzao wengine wakishikilia kwamba roki ni ya Kiingereza. Matsumoto akawavuta wenzake wa zamani. Eiichi Ohtaki alimtungia Seiko "Kaze Tachinu", Haruomi Hosono akamtungia "Tengoku no Kiss". Watu waliotengeneza muziki wa wachache wakamwaga ufundi wao wote katika nyimbo za dakika tatu zilizoimbwa na msichana mwenye gauni la rinda. Mpaka leo wapo wanaowasikiliza Happy End kwa heshima na kumwona Seiko kuwa pipi, wasijue kwamba wapishi ni walewale.

Kisha ipo "Akai Sweet Pea" ya Januari 1982, ambayo nikilazimishwa kuchagua moja nitachagua hiyo. Muziki umeandikwa na Yumi Matsutoya, ambaye wakati huo alikuwa nyota mkubwa kwa jina lake mwenyewe. Hakulitumia. Aliandika Karuho Kureta, jina la kubuni linalochezea jina la mwigizaji wa sinema Greta Garbo, kwa kuwa alitaka kujua kama wimbo wake ungeweza kuuzika bila jina la Yumi kuubeba. Hili ndilo jaribio la pili la gizani katika hadithi hii, na lilimtokea mtunzi kabla pengwini hawajamtokea mwimbaji. Wimbo ulipendwa. Wanawake, ambao wengi wao walikuwa wakimchukia Seiko kwa kudeka kwake, walianza kumsogelea kuanzia hapo. Sikiliza unavyoanza kwa kunong'ona, ukisimulia safari ya treni na mpenzi mwenye haya, halafu kiitikio hakilipuki kama ulivyotarajia. Kinapanda hatua moja, kinasita, kinarudi. Mwoga ndani ya wimbo ameandikwa kwenye noti zenyewe.

Wakosoaji hujibu kwamba ufundi ni ufundi, lakini binti anayeimbwa humo ni ndoto ya wanaume: mpole, anayesubiri, asiyedai. Kuna ukweli. Lakini mashairi ya "Aoi Sangosho" yaliandikwa na mwanamke, Yoshiko Miura, na ukiyafuata kwa makini ya Matsumoto, msichana wake mara nyingi ndiye anayeona udhaifu wa mwanamume, ndiye anayeamua kungoja au kuondoka. Na wimbo wa Seiko uliouzwa kuliko yote, "Anata ni Aitakute" wa 1996, uliopita santuri milioni moja, mashairi yake aliyaandika mwenyewe, akiwa na miaka 34.

Hapo ndipo ninapoona tofauti yake na Momoe Yamaguchi, nyota aliyemtangulia. Momoe alistaafu Oktoba 1980 akiwa na miaka 21 ili aolewe. Katika onyesho la mwisho pale ukumbi wa Budokan, Tokyo, aliweka kipaza sauti sakafuni, akaondoka, hakurudi tena. Seiko aliolewa 1985, akajifungua binti 1986, na akaendelea kuimba huku magazeti yakimsema. Mmoja alilindwa na kutoweka, mwingine akavumilia kuzeeka mbele ya watu. Kama siri ingekuwa ni sura ya ujana iliyogandishwa, Momoe angebaki na Seiko angepotea. Wote wawili wamebaki.

Juni 2024 Hanni, mwimbaji wa kundi la Korea Kusini la NewJeans, aliimba "Aoi Sangosho" katika ukumbi wa Tokyo Dome. Mara moja wimbo wa miaka 44 ukaanza kusikilizwa upya, Japani na Korea, na vijana ambao mama zao walikuwa watoto ulipotoka. Wengi walilitaja tukio hilo kama ushahidi wa mwisho. Mimi nalishika kwa uangalifu. Hanni naye ni aidoru, amekuzwa na kampuni kubwa zaidi kuliko zile za 1980, na alivaa na kukata nywele kwa namna ya kumkumbusha Seiko. Sura ilibadilishwa, haikuondolewa. Pengwini walikuwa jaribio safi zaidi.

Na sisi tunaosikiliza kutoka Afrika Mashariki je? Hatuna kumbukumbu yoyote ya Japani ya miaka ile. Hatukununua ile aiskrimu. Lakini tumezoea kupenda nyimbo tusizoelewa maneno yake: wazee wetu walikesha na rumba ya Kilingala mwaka baada ya mwaka. Kwa Kijapani tuna msaada zaidi, kwani lugha hiyo ina irabu tano kama yetu, a, e, i, o, u, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Mswahili anaweza kufuatisha kiitikio cha Seiko siku ya kwanza bila ulimi kukwama, na mapokeo yake ya sauti hizo ndefu za mwisho ni ya mtu aliyezoea taarabu, anayejua kwamba irabu ikivutwa vizuri hubeba yale ambayo neno limeshindwa.

Mwaka 2020, akitimiza miaka 40 ya kazi, Seiko alirekodi upya "Sweet Memories". Ile sehemu ya Kiingereza iliondolewa, Matsumoto yuleyule akaandika maneno ya Kijapani mahali pake. Sauti imeshuka, imekuwa nzito, na pumzi zinasikika zaidi. Wapo wanaosema asingeugusa. Nimezisikiliza rekodi zote mbili mfululizo zaidi ya mara moja. Ya 1983 ni binti wa miaka 21 akiimba kuhusu mapenzi ya zamani ambayo umri wake haukuwa umempa nafasi ya kuwa nayo, na anayaimba vizuri mno. Ya 2020 ni mwanamke anayeyajua, na naona mstari ule wa kwanza anauanza taratibu kuliko zamani.