Taa ya dagaa nayo ni kazi ya kidijitali

Matangazo ya mafunzo ya "ajira za kidijitali" yamejaa kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mwanza, na yote yanaahidi yale yale: kufungua akaunti, kuandika wasifu kwa Kiingereza, kusubiri mteja wa ng'ambo. Yananiuma. Usiku wa giza, ukisimama Igombe au Kayenze, unaona taa za LED za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani. Karabai zinawaachia nafasi betri na sola, na bado kijana haambiwi kwamba taa ile ni kazi.

Tena ni kazi ya hesabu. Taa ya wati 10 ikiwaka saa 10 inakula wati-saa 100. Mvuvi anauziwa betri ya pikipiki ya volti 12, ampea-saa 7. Hiyo ni wati-saa 84, na betri ya asidi ukiishusha chini ya nusu kila usiku unaiua. Ikiwashwa saa moja jioni, kufika saa tano nusu imekwisha. Mvuvi anaikamua hadi alfajiri kwa sababu dagaa hawamsubiri. Siku si nyingi inagoma kushika chaji, lawama anabebeshwa aliyeuza paneli.

Lithiamu inafaa zaidi, ila haitaki papara. Seli 15 za saizi ya 18650, zile za mviringo, zenye uwezo wa kweli wa mAh 2,000 (yaani ampea-saa 2), zinatosha: tano tano sambamba, kisha makundi matatu kwa mfululizo. Seli ya saizi hiyo iliyoandikwa 9,900 ni uongo mtupu, iache dukani. Kabla ya kuunganisha, pima kila moja. Zinazopishana volti nyingi zitamwagiana umeme na kupata moto. Usizichome kwa lehemu moja kwa moja, joto linaziharibu ndani. Tumia utepe wa nikeli na mashine ya kupiga doti. Weka BMS, yaani saketi inayolinda seli zisichajiwe wala kukamuliwa kupita kiasi, na fyuzi. Na chaja iwe ya lithiamu: ile ya betri ya asidi inapanda hadi volti 14.4, wakati pakiti hii mwisho wake ni 12.6. Hapo ndipo nyumba zinapoungua.

Halafu maji. Silikoni yenye harufu ya siki inakula shaba, kwa hiyo taa uliyoiziba vizuri kabisa inaoza kwa ndani. Tafuta isiyo na harufu hiyo.

Nakubali, wapo wanaolipwa kwa kuhariri video wakiwa Nyegezi, na jasho lao ni halali. Lakini umahiri unajengwa kwa kazi inayorudi mikononi mwako ikiwa imeharibika, na fundi wa Makoroboi, mtaa wenye jina la taa, anarudishiwa hizo kila wiki. Akiipa kila taa namba, akaandika kwenye simu volti za kila kundi siku ya kuuza, siku iliporudi na kilichokufa, baada ya taa 30 atajua kama adui yake ni maji, seli au chaja. Kumbukumbu hizo ndizo wasifu wake.

Anayeandaa mafunzo yajayo aweke mezani multimeta kumi, vile vipimo vya umeme, na taa kumi zilizokufa zitoke Mwaloni, kwenye soko la samaki.