Sukari ya mimba: huku wanapima damu, nyumbani wanakijua chakula

Katika wiki ya 26 ya ujauzito wangu wa pili, hapa Manchester, mkunga aliniagiza nifike kliniki asubuhi bila kula, nikatolewa damu, nikanywa maji yenye gramu 75 za glukosi, kisha nikasubiri saa mbili na kutolewa damu tena. Jibu la saa mbili lilikuwa 8.6 (milimoli kwa lita), wakati kikomo cha Uingereza ni 7.8: nilikuwa na sukari ya mimba, yaani kisukari kinachojitokeza wakati wa ujauzito. Sikuwa na dalili yoyote. Nilipimwa kwa sababu mama yangu mzazi ana kisukari. Nilikabidhiwa mashine, sindano za kutobolea kidole na vijiti vya kupimia, vyote bila malipo.

Wifi yangu aliyeko Moshi, Tanzania, alijifungua mtoto wa kilo 4.8, na ukoo mzima ukashangilia. Huku, mtoto wa uzito huo angetosha kumfanya mama apimwe damu katika mimba inayofuata. Wifi, katika mimba zake mbili za kwanza, alipimwa mkojo tu, na mkojo hausemi ukweli wote: mjamzito mzima anaweza kuonekana na sukari kwenye mkojo, na mwenye tatizo asionekane nayo. Homoni za kondo la nyuma hupunguza nguvu ya insulini ya mama, sukari inayozidi humfikia mtoto, naye hunenepa kiasi kwamba mabega yanaweza kukwama wakati wa kuzaliwa, na baada ya kitovu kukatwa sukari yake huweza kushuka ghafla. Haya hayaonekani kwa macho, na sisi tumezoea kumsifu mama aliyekula kwa ajili ya watu wawili.

Hata hivyo, sitaki kuipamba Uingereza. Karatasi ya lishe niliyopewa ilizungumzia mkate, tambi na nafaka za pakiti, na mtaalamu aliponiuliza ninakula nini nikamtajia mtori, yaani ndizi zilizopondwa na nyama, aliandika "supu". Ilinibidi nijifundishe kwa kidole changu. Uji wa sembe wenye sukari asubuhi ulinifikisha 9.4 saa moja baada ya kula, ilhali nilitakiwa kuwa chini ya 7.8; asubuhi, nilikuja kuelewa, ndiyo saa ambayo mwili humudu wanga kwa shida zaidi. Machalari yalinisumbua hadi nilipopunguza ndizi, nikaongeza nyama, nikajaza nusu ya sahani kwa mchicha na kutembea kidogo baada ya mlo. Sikuacha chakula cha nyumbani hata siku moja, ila chai yenye vijiko vitatu vya sukari niliiaga kwa majonzi. Muuguzi yeyote wa Moshi angeweza kunipa ushauri huo kwa dakika tano, kwa sababu anajua sahani yangu inavyofanana.

Wala usawa haujakamilika huku. Wanawake weusi wa Uingereza hufariki kwa sababu za uzazi zaidi ya mara mbili ya wazungu, na mama asiye na kibali cha kuishi hudaiwa gharama za kliniki na za kujifungua, kwa hiyo wapo wanaochelewa kwenda kwa kuogopa bili. Kwetu, sera ya Tanzania inasema huduma ya mjamzito katika vituo vya serikali ni bure, lakini wifi alipobeba mimba ya tatu mwaka huu nikamtumia mashine, vijiti ilimbidi anunue mwenyewe. Pakiti ya vijiti 50, kwa anayepima mara nne kwa siku, haimalizi wiki mbili. Kwa maoni yangu, huduma iliyo bure hadi mlango wa duka la dawa bado ni huduma ya wenye nacho, na vijiti vya damu vilistahili kuwekwa pamoja na vidonge vya kuongeza damu ambavyo mjamzito hupewa kliniki.

Kwa sasa wifi anapima siku mbili kwa wiki, asubuhi kabla ya kula na baada ya mlo wa mchana, ananitumia namba kwa simu, nami namsisitiza azipeleke kwa mkunga wake.