Tukimkalisha mzee, miguu yake inakwenda wapi?

Mama mkubwa alirudi kutoka hospitali mwezi wa tatu, baada ya siku 12 kitandani kwa malaria kali. Malaria ilipona, nguvu za miguu hazikurudi. Nyumbani kwake Kadutu, mtaa wa Bukavu, Kongo, watoto wakafanya kila walichojua kuwa ni heshima: beseni la kunawa likaletwa kitandani, sahani ikawekwa mapajani, mjukuu akapewa kazi ya kumshika kiuno kila akitaka kusimama. "Koko (bibi) amechoka, mwacheni apumzike." Kufika mwezi wa tano hakuweza tena kuinuka kitini bila kuvutwa mikono.

Siwalaumu ndugu zangu, na hofu yao ina msingi. Bukavu ni mji wa miteremko. Kutoka mlangoni kwao hadi barabara ya magari kuna ngazi zilizochimbwa kwenye udongo, na mvua ikinyesha hata kijana anazishuka akishika ukuta. Mzee akivunjika nyonga pale, ni deni la familia nzima, na mara nyingi hasimami tena. Halafu huyu ni mama aliyebeba mizigo mgongoni tangu utotoni, kamba ikimkata paji la uso. Leo umwambie anyanyue uzito? Wanaona ni ukatili.

Lakini kuna hesabu moja isiyoniacha. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwalaza wazee kitandani kwa siku 10. Hawakuwa wagonjwa, umri wao wa wastani ulikuwa miaka 67, na walikula milo yao kamili. Kwa wastani kila mmoja alipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Siku kumi tu! Pita sokoni Kadutu uangalie kilo moja ya nyama kwenye mzani, kisha uifikirie ikitoka kwenye mapaja ya mtu aliyelala tu. Na hao walikuwa wazima. Mama mkubwa alikuwa na homa, alikunywa uji, kisha akaongezewa wiki nane za kuhudumiwa. Nikimtazama najiuliza: katika udhaifu huu, uzee ni kiasi gani, na kitanda ni kiasi gani?

Kilichopotea chaweza kurudi, hata umri ukiwa mkubwa sana. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake huko Boston waliwachukua wakazi 10 wa nyumba ya wazee, umri wa wastani miaka 90, wakawanyanyulisha uzito kwa miguu kwa wiki nane. Hawakubembelezwa: walianzia chini, wakapandishwa hadi asilimia 80 ya mzigo wa juu kabisa ambao kila mmoja aliuweza. Nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaacha fimbo zao. Mwaka 1994 walirudia kwa watu 100. Waliopewa kinywaji cha kuongeza lishe bila mazoezi hawakupata nguvu. Hapo nawakumbuka ndugu zangu na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wanazomkaangia kila jioni. Ni chakula kizuri, ila mguu usiopewa kazi haujengwi na sahani peke yake.

Wenye mashaka wana jibu lao pia. Wale wa miaka 90 walipoacha mazoezi kwa wiki nne tu, walipoteza karibu theluthi ya nguvu zao. Na katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2014, wenye watu 1,635 wa miaka 70 hadi 89, baada ya takriban miaka miwili na nusu asilimia 30.1 ya waliofanya mazoezi walikuwa wameshindwa kutembea mita 400, dhidi ya asilimia 35.5 ya waliopewa mafunzo ya afya tu. Tofauti si kubwa. Kwangu mimi, watu watano katika kila mia wanaoendelea kwenda wenyewe kanisani na chooni si wachache.

Kuhusu hatari ya kuanguka, huko Baltimore, Marekani, walipata njia ninayoipenda. Mtaalamu wa uuguzi Sarah Szanton humpelekea mzee watu watatu: muuguzi, mtaalamu wa shughuli za kila siku, na fundi wa nyumba. Mzee ndiye anayetaja anachotaka kuweza tena, na fundi anapigilia mahali pa kushika.

Tulimwuliza mama mkubwa. Akasema anataka kujitwangia sombe, majani ya muhogo, amesimama. Mtu wa kine, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alikuja mara mbili tu, kwa sababu ya pesa, akamwonyesha kuinuka kitini mikono ikiwa kifuani: mara tatu, kisha tano, kisha kiti kifupi zaidi. Mtoto wake mkubwa, aliyekuwa mkali kuliko wote, alipigilia mbao kando ya ngazi zile za udongo. Bado hamruhusu kuzishuka peke yake. Ila wiki iliyopita nilimkuta mama amesimama mbele ya kinu, mchi mkononi, na mjukuu amekaa kwenye kile kiti.