Stesheni isiyo na treni, na baba aliyeisoma kuliko mimi

Watu wetu tunaoishi Berlin tunapita Invalidenstraße kila siku, tunawahi treni pale Hauptbahnhof, na hatua chache tu kutoka pale kuna jengo kubwa jeupe lenye minara miwili ambalo wengi wetu hatujawahi kuingia hata mara moja. Mimi mwenyewe nimelipita miaka mitatu. Usiku linawaka taa za bluu na kijani, tyubulaiti za kawaida kabisa, ni kazi ya Mmarekani mmoja anaitwa Dan Flavin, na nilikuwa naona zinapendeza basi naendelea na safari. Ukimuuliza mtu pale pana nini anakwambia aah pale ni sanaa za kisasa, mambo ya wasomi, huwezi kuelewa kitu. Nilikuwa nasema hivyohivyo. Sasa hivi nasema hapana, na nitaeleza kwa nini.

Jina lenyewe linachanganya, Hamburger Bahnhof, yaani stesheni ya Hamburg, wakati uko Berlin. Ni kwa sababu treni za kwenda Hamburg ndio zilikuwa zinaanzia hapo. Ilijengwa miaka ya 1840, ikafungwa 1884 baada ya stesheni ya jirani kuchukua kazi zake. Mwaka 1906 ikafunguliwa tena kama makumbusho ya usafiri na ndio likajengwa lile bwalo kubwa la vyuma unalolikuta ukiingia leo. Vita vya pili vikaliharibu jengo, afu Berlin ikagawanywa, jengo likawa liko magharibi lakini liko chini ya shirika la reli linaloendeshwa na mashariki, kwa hiyo likakaa limefungwa miaka na miaka, wa huku hawezi kuligusa, wa kule hana la kulifanyia, mpaka 1984 ndio likakabidhiwa Berlin Magharibi. Makumbusho ya sanaa yakafunguliwa 1996.

Hapo kwenye 1884 mimi huwa nasimama kidogo. Mwaka huohuo, mwezi wa 11, kwenye mtaa wa Wilhelmstraße, nusu saa hivi kwa miguu kutoka hapo, ulianza ule Mkutano wa Berlin tuliokaririshwa darasani. Miaka tisa baadaye Wajerumani wanalaza mataruma Tanga, baadaye wakaanza na reli ya kati kutoka Dar, ikafika Tabora 1912, Kigoma 1914. Mimi ni mtoto wa Tabora. Baba yangu kafanya kazi karakana ya reli mpaka kastaafu, ada zangu za shule zimetoka kwenye reli hiyo. Sasa jengo la reli la Mjerumani nitasemaje halinihusu?

Niliingia mara ya kwanza mwezi wa 4 mwaka 2024, na niseme wazi kwamba niliingia kwa sababu ilikuwa bure. Berlin ilikuwa na utaratibu tangu 2021, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho mengi hulipi kitu. Mvua ilikuwa inanyesha, nina nafasi ya saa mbili, nikaingia.

Kuna sehemu ina kazi za Joseph Beuys, huyu ni msanii wa Kijerumani aliyefariki 1986, mtu aliyekuwa anatumia mafuta ya mnyama, sufu nzito iliyogandamizwa, shaba, mawe, vitu ambavyo kwetu ungevikuta buchani au stoo. Nikakuta mawe marefu ya basalti yamelazwa sakafuni kama magogo, kila jiwe limetobolewa tundu upande mmoja, kile kipande kilichotolewa kimerudishwa palepale lakini kimezungushiwa udongo na sufu, kama vile mtu anamrudishia mgonjwa jino. Kazi inaitwa Mwisho wa Karne ya 20. Nikasimama. Nikasikia kitu lakini sikuweza kukitaja.

Afu nikafika kwenye shahamu. Mabonge makubwa ya shahamu, makubwa kweli, mengine yananizidi kimo, rangi ya samli iliyoganda. Kibao kinasema mwaka 1977 kule mji wa Münster, Beuys aliambiwa afanye kazi ya sanaa ya nje, akaenda kuchagua kona moja mbaya kabisa chini ya njia ya waenda kwa miguu, pembe ile ambayo hakuna anayeijali inakusanya takataka tu, akatengeneza umbo la ile nafasi tupu akalijaza mafuta, tani kama 20, afu yakakatwa vipande. Yaani alichochukua ni uwazi wenyewe, pale pasipo na kitu, akaufanya uwe kitu kizito hivyo. Nilisoma mara mbili. Nikapiga picha nyingi, nikaondoka kichwa kinazunguka, na moyoni najiambia haya kweli si ya kwetu.

Jioni nikamtumia baba zile picha WhatsApp, nia yangu ilikuwa aone ile stesheni tu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Hiyo stesheni mbona haina reli?"

Nikamweleza kwamba treni zilishaacha kufika hapo zamani sana. Nikamweleza na yale mafuta. Kimya. Baada ya kama dakika kumi ikaingia voisi noti, na naandika alivyosema: "Sasa mwanangu hayo mafuta yalipozwa siku ngapi? Maana kitu kinene namna hiyo ukikimwaga kikiwa cha moto, nje kinaganda, ndani bado ni uji. Ukikikata mapema kinakumwagikia. Waulize walijuaje kama ndani kumeshapoa."

Nilikuwa jikoni, nikazima jiko nikakaa. Kibao nilikisoma chote mara mbili na swali hilo halikunijia, mzee wa miaka sabini na kitu yuko Tabora, hajawahi kukanyaga jumba la sanaa, kaona picha kwenye simu yenye kioo kilichopasuka na ndilo swali lake la kwanza. Nikatafuta. Nikakuta kwamba ile kazi ilichukua miezi ikipoa, na kwamba kwenye orodha ya vitu vilivyoitengeneza, pamoja na mafuta, kuna nyaya na kifaa cha kupimia joto la ndani. Vipo palepale ndani ya ile kazi! Nimepita mbele yake sijaona nyaya, nimeona mabonge.

Ndipo nikaelewa kitu ninachotaka kukisema kwenye makala hii. Tunaambiwa kwamba kuelewa sanaa ya kisasa unahitaji kusomea historia ya sanaa ya Ulaya, na mimi sikatai, wanaosomea wanaona mengi. Lakini hizi kazi zimetengenezwa kwa vitu, na vitu vina wenyewe wanaovijua. Fundi karakana anaijua joto na chuma. Mama muuza mihogo ya kukaanga anayajua mafuta yanavyobadilika. Fundi cherehani anajua sufu ikilowa inakuwaje. Beuys mwenyewe alikuwa anasema kila mtu ni msanii, na mimi nilikuwa nadhani ni maneno matamu ya kuandika ukutani, kumbe ukimchukua kwa uzito inabidi umkubali na baba yangu kwenye hicho chumba.

Nilitaka kurudi nikaone nyaya. Kwa bahati mbaya nilichelewa, kazi zikanibana, mwaka ukaisha, na mwisho wa 2024 jiji likabana bajeti likafuta zile Jumapili za bure. Mara ya pili nikalipa. Sikatai makumbusho yana gharama, jengo la ukubwa ule linahitaji joto majira ya baridi, walinzi, mafundi, na lenyewe lilikuwa mali ya kampuni binafsi ya majengo mpaka 2022 ndipo serikali ikakubali kulinunua, kwa hiyo pesa inatoka na ni nyingi. Lakini kufuta ile Jumapili ni kosa na naliumia kweli, kwa sababu aina hii ya sanaa haieleweki kwa kuingia mara moja. Inataka uende, uchanganyikiwe, ukaongee na mtu, urudi. Mwenye kadi ya mwaka anarudi tu. Dada anayesafisha ofisi saa kumi alfajiri, hata akiingia mara moja kwa kujikamua, harudi, na huyo ndiye angeona kitu ambacho hakuna mwingine amekiona. Chini ya miaka 18 hawalipi, hilo ni jema na nawaomba wazazi wa Kiswahili mlioko huku mlitumie, mpelekeni mtoto na mumuache aulize, msimwambie twende hapa hakuna kitu.

Na kwa walioko nyumbani, SGR imeanza 2024, sasa hivi Dar hadi Dodoma watu wanaenda na treni ya umeme. Zile stesheni za reli ya zamani siku moja nazo zitapungukiwa kazi. Kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space pale Mikocheni, Dar, wasanii wamefanya kazi ndani ya makontena tangu 2008, kwa hiyo usiniambie watu hatuna. Nikifikiria stesheni ya Tabora ikiwa na picha na sanamu ndani, na wastaafu wa reli ndio wanaowatembeza wageni, natamani iwe kesho.

Mara ya pili nikaziona nyaya. Nikainama karibu kadiri nilivyoruhusiwa, mlinzi mmoja mama wa makamo akaja nikadhani ananifukuza, akaniuliza natafuta nini, nikamwambia baba yangu alitaka kujua kama ndani kulipoa. Akacheka kwa furaha, akanionyesha upande ambao zinaonekana vizuri. Afu nikaenda kwenye bwalo nikapiga picha za matao ya chuma kutoka chini, kwa agizo la baba, kwa sababu alishaona kwenye picha za mwanzo kwamba yameungwa kwa ribiti, zile pini za chuma zinazogongwa kichwa, hayajachomelewa.

Picha hizo amezipeleka kijiweni kwa wastaafu wenzake, chini ya mwembe. Wamebishana mpaka magharibi kama kwenye matao yale kuna ribiti zilizopigwa za baridi au zote zilipigwa za moto, mmoja kakasirika akaenda kwake, na sasa wananisubiri mimi nirudi nikaulize.