Alijua kuhesabu mpaka 100, mkanda ukamshinda

Enzi zetu hatukuulizwa cheti cha kuzaliwa. Mwalimu mkuu alikwambia upitishe mkono wa kulia juu ya kichwa, uguse sikio la kushoto. Ukiligusa, umri umetimia. Usipoligusa, rudi nyumbani ukale ugali, uje mwakani. Dada yangu alilikosa kwa ukucha mmoja tu, akalia njia nzima.

Siku hizi tuna vipimo vingine. Ikifika Desemba hapa mtaani kwetu Dar, watoto wa miaka 6 waliotoka darasa la awali juzi tu wanapelekwa tuisheni "wakanolewe" kwa ajili ya Januari. Nadhani ni shule za mchepuo wa Kiingereza zilizotuambukiza, na intavyuu zao za rangi na siku za wiki. Wazazi wa shule za serikali nasi tukaiga, wakati huko kwetu intavyuu hakuna na kazi kubwa ya darasa la kwanza ni ileile KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Ada ilishafutwa, sisi tunatafuta mahali pengine pa kulipia.

Nami nimo. Mwaka juzi mwanangu wa kwanza alianza akiwa anahesabu mpaka 100 bila kukwama, na nilimhesabisha mbele ya kila mgeni. Sare nilimnunulia kubwa, ya kukulia, kiuno nikakikaza kwa mkanda. Jumatano ya wiki ya kwanza akarudi amefunga sweta kiunoni, jua la Januari lote lile. Kumbe aliomba ruhusa vizuri, akawahi chooni, mkanda ukamshinda. Nyumbani nilikuwa namfunga mimi, na mama yake ndiye aliyemfungua. Hakuna aliyewahi kumwachia ahangaike nao mwenyewe. Wenzake wakampa jina ambalo sitaliandika. Kwa wiki mbili tumbo lilimuuma kila asubuhi, isipokuwa Jumamosi na Jumapili.

Tukumbuke pia kwamba watoto wenyewe wanaanza wadogo. Sisi tulianza na miaka 7, wengine 8 au 9, tumeshachota maji na kuchunga mbuzi. Sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, inataka mtoto aingie darasa la kwanza na miaka 6, baada ya mwaka mmoja wa awali. Sina ugomvi na hilo. Ila mtoto wa miaka 6 vidole vyake bado vinajifunza kazi, na darasani wanaweza kuwa zaidi ya 80 na mwalimu mmoja. Mwalimu huyo atamfundisha "a, e, i, o, u". Kumfungulia vifungo hana nafasi.

Januari hii ni zamu ya mdogo wake. Tuisheni haendi. Kaptula yake ni ya lastiki na inamtosha leo, si mwakani. Jioni anachambua maharage na bibi yake, na ukimtazama anavyobana kijiwe kati ya kidole gumba na cha shahada, hapo ndipo penseli inapoanzia. Tunamzoesha pia jina lake. Amerithi la marehemu baba yangu, kwa hiyo nyumba nzima inamwita Babu. Juzi nikamwita majina yake matatu kama mwalimu anavyoita kwenye mahudhurio, akageuka kumtafuta huyo anayeitwa. (Jirani yetu ana kazi kubwa kuliko yangu: wametoka Shinyanga mwezi uliopita na mtoto anajua Kisukuma tu. Tumekubaliana wacheze pamoja kila jioni.)

Wiki iliyopita tulikwenda kumwandikisha. Baada ya kukabidhi nakala ya cheti, nikaomba tuone choo. Mwalimu alinishangaa, lakini akatupeleka. Babu akaingia, akavuta mlango, kisha kimya. Komeo lilikuwa juu, hata akisimama kwa ncha za vidole halifikii. Mwalimu akainama mpaka usawa wa kichwa chake, akalitazama, akaguna. Akasema fungu la ukarabati halijaingia, lakini kama nina nyundo nije na komeo la pili, lifungwe chini.

Misumari nimeshanunua. Nakwenda Jumatatu.