Kusafisha stringi za kerneli kunahitaji jicho la mtu

Kazi ya kuondoa fanksheni za zamani za kunakili stringi (mifuatano ya herufi) katika kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, imechukua miaka, na wapo wanaoiona ni ya kupamba msimbo tu. Mimi naiona ya lazima, ingawa hoja ya wanaosita ni nzito.

Chukua strncpy, fanksheni ya zamani ya lugha ya C. Ukiipa bafa (nafasi ya kumbukumbu) ya baiti 16 na jina lenye herufi 16 au zaidi, hujaza nafasi zote bila kuweka sifuri ya kufunga stringi, na atakayeisoma baadaye huendelea kusoma kumbukumbu isiyomhusu. Fanksheni ya strlcpy, iliyoletwa na mfumo endeshi wa OpenBSD mwaka 1998, huifunga stringi, lakini kwa kuwa hurudisha urefu wa chanzo, hukisoma chote, hivyo chanzo kisichofungwa huipeleka nje ya mipaka. Ndipo mwaka 2015 Linux ikapata strscpy, ambayo haivuki kikomo ilichopewa na hurudisha kosa inapolazimika kukata.

Hata hivyo, Linus Torvalds, muasisi wa Linux, alipoipokea alionya dhidi ya kubadilisha msimbo kwa jumla, kwa sababu kazi inayochosha haikaguliwi kwa makini na mabadiliko yanayokusudiwa kuboresha huishia kuharibu. Naamini hapo alisema kweli. Kwa mfano, strncpy hujaza sifuri katika nafasi inayobaki. Ukiweka strscpy mahali pake katika muundo unaopelekwa kwa programu ya mtumiaji, baiti za zamani za kerneli zinaweza kuvuja, na ilipaswa kutumika strscpy_pad, ambayo hujaza sifuri. Vilevile strscpy ikikata hurudisha -7, yaani namba ya kosa, si urefu kama strlcpy, kwa hiyo msimbo uliozoea kulinganisha urefu huo na ukubwa uliohifadhiwa kama int (namba inayoweza kuwa hasi) hautagundua lolote, maana -7 ni ndogo kuliko ukubwa huo. Tena kuna mtego wa pointa, yaani anwani ya mahali kwenye kumbukumbu: bafa ikiwa safu, sizeof, ambayo hupima ukubwa kwa baiti, hutoa ukubwa wake halisi, lakini ikishapitishwa kwenye fanksheni nyingine kama pointa, sizeof hiyohiyo hutoa 8, ukubwa wa pointa yenyewe, kwenye mashine ya biti 64, hata kama bafa ina baiti 256.

Kwa hiyo siungi mkono kuuacha msimbo wa zamani kwa kuogopa makosa haya, kwa maana hatari yake ipo tayari. Ninachodai ni kwamba kila badiliko lieleze bafa lengwa ni stringi au ni sehemu ya upana maalumu, kama inahitaji kujazwa sifuri, na ukubwa wake umetoka wapi. Na pale ambapo data si stringi kabisa, iwekewe alama ya __nonstring ili kompaila (programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine) nayo ijue.