Ngazi ya Uuguzi Isimtenge Muuguzi na Mgonjwa

Kijana anayeuliza namna ya kuwa muuguzi kwa kawaida hujibiwa kwa mfuatano unaofahamika: soma sayansi, pata cheti, stashahada au shahada, fanya mtihani wa leseni, sajiliwa, kisha utafute ajira. Jibu hilo si baya, lakini linaishia pale ambapo swali kubwa linaanzia, yaani muuguzi huyo akishaajiriwa atapanda kuelekea wapi. Maoni yangu ni kwamba taaluma hii imefanya kazi nzuri ya kupanga namna ya kuingia na kazi hafifu ya kupanga namna ya kukua, kwa kuwa mara nyingi muuguzi akipandishwa cheo huwa anaondolewa kwa mgonjwa.

Nianze na kuingia. Biolojia na kemia hazina ubishi, ila hisabati ndiyo inayowashangaza wengi, kana kwamba hesabu ni jambo la wahandisi peke yao. Chukua mtoto mwenye uzito wa kilo 12 aliyeandikiwa parasetamoli kwa kipimo cha miligramu 15 kwa kila kilo moja. Anahitaji miligramu 180, na chupa iliyopo mkononi imeandikwa kuwa kila mililita 5 zina miligramu 120, hivyo apewe mililita 7.5. Hesabu hiyo ni nyepesi mtu akiwa ameketi darasani. Muuguzi huifanya saa tisa usiku huku mtoto analia, mzazi anauliza maswali, na mgonjwa mwingine anaita, na nukta ikikosewa mahali mtoto hupewa dozi mara kumi ya ile aliyostahili. Kwa hiyo chuo kinapodai ufaulu wa hisabati hakimwekei mwombaji kikwazo cha bure.

Viwango vya mafunzo hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini kwa jumla stashahada huchukua miaka miwili au mitatu na shahada mitatu au minne. Mwanafunzi hujifunza anatomia, fiziolojia, elimu ya dawa, maadili na afya ya jamii, hufanya mazoezi ya kuweka kanula, yaani mrija mwembamba wa mshipani, na kufunga vidonda kwenye sanamu, kisha hupelekwa wodini. Hapo wodini ndipo pa kupimia ubora wa chuo. Sheria za Umoja wa Ulaya kuhusu wauguzi wa huduma za jumla zinataka mafunzo yasiyopungua miaka mitatu na saa 4,600, na angalau nusu ya saa hizo ziwe za kujifunza kwa vitendo, mbele ya wagonjwa na chini ya usimamizi. Mwombaji anayevutiwa na majengo mapya na maabara za kompyuta angefanya vyema kuuliza kwanza atatumia saa ngapi wodini, katika hospitali ipi, na ni nani atakayesimama naye.

Ninasisitiza usimamizi kwa sababu yapo mambo ambayo kitabu hakiyafikishi. Kuhesabu pumzi ni mojawapo. Mwanafunzi anayejifunza kwa kuiga wenzake waliochoka hutupa jicho tu na kuandika 20 kwenye chati, na ndiyo maana unaweza kukuta wodi nzima ya wagonjwa wanapumua mara 20 kwa dakika, mwenye nimonia na aliyekuja kutolewa jino. Muuguzi mzoefu humshika mgonjwa kifundo cha mkono kana kwamba bado anahesabu mapigo ya moyo, kumbe macho yake yako kifuani, anahesabu kwa dakika nzima bila kumwambia, maana mtu akijua kuwa pumzi zake zinahesabiwa hubadilisha namna anavyopumua. Kipimo hicho hakihitaji mashine wala gharama, na mara nyingi ndicho cha kwanza kubadilika hali ya mgonjwa inapoanza kuharibika. Mtu hujifunza hayo kwa kusimama karibu na anayeyafanya ipasavyo.

Je, kati ya stashahada na shahada ipi bora? Mjadala huu ni wa zamani. Nchini Marekani mwaka 1952 mwalimu wa uuguzi Mildred Montag alianzisha mpango wa mafunzo ya miaka miwili ili kupunguza uhaba wa wauguzi, na mpango huo ulistawi kuliko ilivyotarajiwa. Kwa upande mwingine, mwaka 2014 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa Linda Aiken na wenzake kutoka hospitali 300 za nchi 9 za Ulaya, uliohusu zaidi ya wagonjwa 420,000 waliofanyiwa upasuaji. Kila idadi ya wauguzi wenye shahada ilipoongezeka kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 ulikuwa mdogo kwa asilimia 7. Wanaoutumia utafiti huo kuwadharau wenye stashahada husahau nusu yake ya pili, kwamba kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi aliendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano huohuo wa kifo. Elimu haifui dafu mbele ya zamu ambayo mtu mmoja amekabidhiwa wodi nzima. Ushauri wangu ni kuanza na kiwango ambacho uwezo unaruhusu, mradi njia hiyo iwe na daraja linalotambulika la kujiendeleza hadi shahada bila kurudia mwaka wa kwanza. Stashahada isiyo na daraja hilo ningeiepuka hata kama ada yake ni nafuu.

Kuhusu leseni sina mengi. Nyuzilandi ilipitisha sheria ya usajili wa wauguzi mwaka 1901, na leo mhitimu asiye kwenye daftari la baraza la nchi yake hana ruhusa ya kumhudumia mgonjwa kama muuguzi, na mara nyingi huhitaji kuonyesha kuwa anaendelea kujifunza ndipo leseni ihuishwe.

Sasa nije kwenye lalamiko langu. Mwaka 1984 Patricia Benner, mtafiti wa uuguzi, alieleza kwamba muuguzi hukua kwa hatua tano, kutoka mwanagenzi hadi bingwa, na kwamba bingwa hutambua mabadiliko ya mgonjwa kwa uzoefu uliojengeka kwa miaka mingi ya kuona hali zinazofanana. Hospitali nyingi hungoja mtu afike karibu na hatua hiyo, kisha humpa ofisi. Anakuwa muuguzi mfawidhi, anapanga ratiba za zamu, anaagiza glavu, anajaza takwimu za mwezi na kuhudhuria vikao, wakati wodi inabaki kwa aliyehitimu mwaka jana. Uongozi ni kazi ya heshima na wapo waliozaliwa nao, ila kuufanya kuwa njia pekee ya kuongezewa mshahara ni kuwalazimisha wenye mikono mizuri kuiweka mfukoni.

Njia nyingine zipo, na hazikuanza jana. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado, Loretta Ford na daktari Henry Silver walianzisha mafunzo yaliyowawezesha wauguzi kupima watoto, kutambua maradhi ya kawaida na kuyashughulikia, na leo katika nchi kadhaa muuguzi mwenye shahada ya uzamili huandika dawa na kuwa na wagonjwa wake mwenyewe. Wapo waliobobea katika nusukaputi, ukunga, saratani, usafishaji wa damu, afya ya akili na huduma kwa wagonjwa mahututi. Ubobezi wa namna hii huongeza elimu bila kumng'oa mtu wodini, na hapo ndipo ningependa bajeti za mafunzo zielekezwe. Lakini masomo pekee hayatoshi. Muuguzi anayerudi na shahada ya uzamili ya huduma kwa wagonjwa mahututi, akakuta muundo wa utumishi hauna cheo chenye jina hilo, ataendelea kulipwa kama alivyoondoka, na kabla ya muda mrefu ataomba nafasi ya ukufunzi au ya utawala, au atahamia nchi inayomtambua.

Kwa sababu hiyo, mhitimu anayeitwa kwenye usaili asiulize tu juu ya mshahara wa kuanzia na nyumba ya mtumishi. Aulize ni muuguzi gani mwenye uzoefu mrefu zaidi hospitalini hapo ambaye bado anahudumia wagonjwa kila zamu, na muuguzi huyo ana cheo gani.